Kaka yangu nyumba yake Gungu imepigwa mnada kwa bei ya kutupa, na BADO anadaiwa!

Wakuu, salaam. Naandika nina hasira, mtanivumilia.

Kaka yangu ni mtu wa dagaa, Kibirizi hapa Kigoma. Alikopa benki amalizie nyumba yake ya Gungu, hati ikawekwa rehani, shemeji akasaini kuridhia. (Kwa hiyo wale wa "mke hakusaini, kimbilieni mahakamani", mlango huo umefungwa.) Marejesho yalikwenda vizuri mpaka 2024 Serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti. Sawa, samaki wazaliane. Lakini anayekula kwa dagaa arejeshe nini? Akaandika barua kuomba wampangie upya marejesho. Ofisa mikopo akaipokea, akagonga muhuri, "tutakujulisha". Walichomjulisha ni adhabu ya kuchelewa kila mwezi, juu ya riba ile ile.

Notisi ya siku 60 walileta, hilo siwanyimi. Ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka baada ya kurekebishwa: siku 60 zikiisha tangu uipokee na hujalipa, deni lote linaiva, wanauza. Wengi mnadhani lazima hakimu aamue kwanza. Wapi!

Kilichonichefua ni mnada wenyewe. Sheria ya Madalali inataka tangazo la angalau siku 14, mjini na pale pale panapouzwa, tena kwa Kiswahili, na kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa. Sisi tumekuja kuoneshwa kipande cha gazeti la Kiingereza. Gari la matangazo hakuna aliyelisikia, hata jirani tunayepakana naye ukuta. Siku yenyewe dalali alishuka kwenye Noah na jamaa watatu, wakasimama na viatu vyao juu ya mkeka wa dagaa uani, bei ikatajwa, mkono mmoja ukanyooshwa, wakaondoka. Shemeji yupo hapo hapo anaosha vyombo, akadhani wamekuja kupima.

Milioni 31! Mthamini waliyemleta wao wenyewe wakati wa kutoa mkopo aliandika 62. Kifungu cha 133 kinambana anayeuza rehani atafute bei nzuri iwezekanavyo, na akiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kakiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Hii ni nusu, jamani.

Sasa sikilizeni hesabu. Deni na adhabu zake milioni 38. Toa 31, zinabaki 7. Wakaongeza dalali milioni 1.2, halafu "gharama za ufuatiliaji" nyingine milioni 1.2. Ufuatiliaji gani? Kutoka kwenye tawi lao mpaka Gungu si boda tu? Barua inasema alipe milioni 9.4 la sivyo anashtakiwa. Na taarifa zake zimeshapelekwa kwenye kanzidata ya wakopaji, benki ya pili aliyokwenda kuomba hela ya nyavu wakamfungulia kompyuta, wakamrudishia kitambulisho.

Wakili ametuambia nyumba tuisahau. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa, wewe unabaki kudai fidia kwa aliyeuza. Ukitaka kuzuia, unakwenda kuomba zuio kabla ya mnada. Uombeje zuio la mnada usioujua?

Fidia tunaidai, na hiyo 9.4 halipi mtu mpaka tuelezwe 31 ilitoka wapi. Tunachotafuta ni mthamini aliyesajiliwa, wa Kigoma au hata Tabora, asiye na kazi za benki hiyo, atupe bei ya soko ya Gungu kwa wakati ule. Na kama kuna aliyewahi kushinda kesi kwa hiyo asilimia 25, aje inbox aniambie alipeleka vielelezo gani. Wa "dawa ya deni kulipa" piteni kimya, uzi huu hauwahusu.