Mjadala: "Roots" ya Everly Brothers ilionewa, au ilistahili kusahaulika?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Kila ikiulizwa kauntri-roki, yaani kauntri iliyochanganywa na roki, ilianzia wapi, jibu ni bendi ya The Byrds na albamu yao "Sweetheart of the Rodeo", Agosti 1968. Desemba mwaka huohuo ndugu wawili, Don na Phil Everly (ndio Everly Brothers), walitoa albamu "Roots" chini ya lebo ya Warner Bros., ikapita kimya. Hata chati za Marekani haikuingia. Mimi nasema hiyo ya pili ndiyo bora, na wala hazikaribiani.

The Byrds walikuwa wageni Nashville, makao ya kauntri. Hawa ndugu baba yao, Ike, alikuwa mpiga gitaa wa Kentucky, na familia nzima iliimba redioni Shenandoah, Iowa. Albamu inafunguka na kipande cha kipindi chao cha mwaka 1952, watoto wanatambulishwa, halafu unatupwa moja kwa moja ndani ya "Mama Tried".

Sikilizeni pia "I Wonder If I Care as Much". Waliitunga wenyewe, ikatoka 1957 upande wa pili wa "Bye Bye Love". Hapa wameipunguza mwendo na magitaa yananguruma. Maneno ni yaleyale, ila kijana aliyeachwa na mpenzi sasa ni mtu mzima asiye na usingizi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu katikati. Chris Hillman wa The Byrds alikulia kwenye mandolini ya bluegrass, kauntri ya kale ya vyombo visivyo vya umeme, huyo naye ni mgeni? Halafu hiyo "Roots" ni ya nani hasa? Prodyuza ni Lenny Waronker. "Ventura Boulevard" na "Turn Around" ni za Ron Elliott wa bendi ya Beau Brummels, "Illinois" ya Randy Newman, mbili za mwimbaji wa kauntri Merle Haggard. Hivyo vipande vya redio navyo naona ni ujanja wa studio tu. Ndugu walialikwa kwenye albamu yao wenyewe.

Mleta mada:
Tangu lini tuliwapima kwa utunzi? "Bye Bye Love" yenyewe ni ya Felice na Boudleaux Bryant. Kazi yao ni zile sauti mbili: Don chini, Phil juu yake, wanavuta pumzi pamoja.

Chukua "Sing Me Back Home". Mfungwa anapelekwa kuuawa, anaomba aimbiwe njiani. Haggard, aliyefungwa kweli San Quentin, anaimba kama shahidi aliyebaki nyuma. Wakiimba Everly, hujui nani anakwenda na nani anabaki. Hilo Waronker hakuweza kuwaagizia.

Mchangiaji wa pili:
Nyote mmeiruka "Songs Our Daddy Taught Us" ya 1958. Nyimbo za kale, sauti mbili, gitaa, besi, basi. Kama mnatafuta mizizi, ilichimbwa miaka kumi kabla. "Roots" imeongeza vyombo tu.

Kutouzika nako hakuna fumbo. Kumi bora za Marekani waliziaga 1962, muda mfupi baada ya kutumikia kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani. Kwa vijana wa 1968 hao walikuwa wazee wenye suti, ingawa Don alikuwa na miaka 31 na Phil 29! Mbona Haggard alikuwa rika la Don na bado akavuma? Kwa sababu wasikilizaji wa kauntri hawakumdai awe kijana. Everly walikwama: wa roki waliwaona wamepitwa, wa kauntri waliwaona watu wa pop.

Mchangiaji wa tatu:
Salamu kutoka Nakuru. Sisi tuliolelewa na Jim Reeves redioni tunataka sauti ikae mbele. Humu gitaa limezidi, na "T for Texas" wameipigia kelele. "Kentucky" mwishoni, hiyo sawa.

Mleta mada:
Ndugu wa Nakuru, hizo kelele ndizo upande wa roki. Ukizitoa, unabaki na ile ya 1958, na mchangiaji wa pili atakupokea kwa mikono miwili. Mimi sihami.