Tambiko la mvua jukwaani: tuigize au tuache?

Mtoa hoja: Wakuu, tuseme kikundi cha sanaa hapa Dodoma mjini kinataka kutunga igizo kuhusu pango la Mongomi wa Kolo, kule Kondoa. Pana michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Warangi bado wanakwenda pale kutambikia mvua. Msimamo wangu: kisa kiigizwe, tambiko lenyewe liachwe. Maneno ya mzee anayeomba mvua si ya kukaririwa na mtu anayesubiri makofi.

Mchangiaji 1: Mkuu, umechelewa. Muheme ulikuwa ngoma ya akina mama wa Kigogo unyagoni. Leo unapigwa kwenye mapokezi ya viongozi na hatulalamiki. Na Kinjikitile Ngwale, mganga wa vita vya Majimaji, je? Watu walipokea maji yake wakaingia vitani, Wajerumani wakamnyonga 1905. Ebrahim Hussein akamweka jukwaani kwenye *Kinjeketile* ya 1969, tena akamtia mashaka juu ya dawa yake mwenyewe. Angengoja kibali cha wazee tungeisoma wapi tamthiliya ile?

Mchangiaji 2: Natokea Kondoa. Ijumaa Kuu Wakristo wanambebesha kijana msalaba, kapakwa rangi nyekundu mgongoni, na watu wanalia machozi ya kweli. Sisi Waislamu, ambao kule ndio wengi, Mtume hatumwigizi hata iweje. Kwa mmoja kuigiza ni ibada, kwa jirani yake ni kufuru. Sasa mtoa hoja, unapimia kipimo cha nani?

Mtoa hoja: Cha mwenye ibada. Msalaba unabebwa na waumini wenyewe, na muheme wanaupiga akina mama wenyewe, hakuna aliyewapokonya. Hussein naye alitahadharisha kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Halafu Majimaji ilishapita. Kolo mvua ikichelewa watu wanapanda mlimani.

Mchangiaji 1: Mwenye ibada ndiye yupi? Mzee huyu atakubali, yule atakataa, wa tatu ataulizia posho. Vijana wamsikilize nani?

Mtoa hoja: Aliyekataa, angalau wajue anakataa nini. Huenda si kisa kizima, ni wimbo mmoja tu au jina lisilotajwa hadharani. Hicho kitolewe, mazoezi yaendelee. Na huyo wa posho apewe nauli yake, naye kaacha shamba.