Naombeni ushauri: mchoro unapendeza, pete inatoka tofauti

Habari za jioni wakuu. Mimi ni sonara mdogo hapa Mbeya, natengeneza pete na hereni za fedha 925 (yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi), nyingine naziwekea mawe ya vito ya Tunduru. Kila wazo langu huanzia kwenye daftari. Juzi nilipita Uporoto, mashamba ya pareto yamechanua, nikakaa ukingoni mwa barabara nikachora lile ua: petali nyeupe nyembamba, kitovu cha njano. Nilivyorudi nilikuwa na kurasa sita, na nilishaiona pete kabisa.

Shida ikaanza mezani. Petali nilizochora kwa mstari mmoja wa penseli, kwenye fedha ya milimita 0.5 zilipinda nilipozigusa tu. Nilipoongeza unene, ua likawa zito, limekosa uhai. Ubavuni ndio kabisa, sikuwa nimechora chochote, nikabuni wakati nalehemu, jiwe likakaa juu mno na linanasa kwenye sweta. Kwa baridi yetu ya Juni huku, pete ya hivyo mteja haivai.

Wenye uzoefu, mnachora kwa kipimo halisi au mnakuza kwanza? Nifikirie karatasi ya grafu, nichore juu, mbele na ubavu? Au nikishapata wazo nijaribu kwanza kwa waya wa shaba, halafu nirudi kwenye daftari? Naogopa vipimo visije vikaua ule mchoro wa shambani, maana ndio ninaoupenda kuliko yote.

Picha ya kurasa naweza kuweka mkihitaji.