Imani na ugonjwa wa akili: mliouguza ndugu Moshi na Arusha tupeane uzoefu

Mama Kibosho: Jana kwenye daladala ya Kiboriloni kuna binti alikuwa anaongea peke yake huku analia, konda akasema huyo ana mapepo apelekwe kwenye maombi. Nimekumbuka mbali sana. Mliouguza mtu wa hivi, mlianzia wapi, kanisani, kwa mganga au hospitali?

Chalii wa Sakina: Kwetu vyote vitatu, kwa mpangilio huohuo.

Njoro kwetu: Mdogo wangu alijifungua uzao wa kwanza akaja kulelewa kwa mama Machame, mtori upo, maziwa yapo. Wiki ya pili haijaisha akaacha kulala, usiku kucha anazunguka kihambani anasema mtoto amebadilishwa, anamsikia marehemu bibi anamwambia amrudishe kwenye migomba. Wakwe wakasema mizimu inadai, wakachinja mbuzi. Sisi walokole tukasema pepo la ukoo, akapelekwa mkesha, akafungishwa kula na ananyonyesha, spika zinapiga masikioni mpaka asubuhi, mtu ambaye tayari halali jamani! Kulivyokucha nikamkuta benchi la nyuma, kitenge kimelowa maziwa kifuani kote, mikono ameikunja anabembeleza hewa, mtoto mwenyewe yuko kwa mtu mwingine analia. Tukakodi gari moja kwa moja hospitali ya Mawenzi. Daktari swali la kwanza, amejifungua lini? Akatuambia huo ni ugonjwa wa akili wa baada ya kujifungua, unajulikana, unawapata kama mama 1 au 2 kwenye 1000, mara nyingi wiki mbili za mwanzo, unatibika ila ni dharura sababu mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Akachomwa sindano akalala. Leo ni mzima na kwaya anaimba.

Mama Kibosho: Pole sana dada, hapo kwenye kitenge nimelia.

Rombo Mkuu: Mimi hospitali niliiogopa kwa sababu ya jina tu, kwetu ukisema ugonjwa wa akili watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, wanajua ndo umeshamzika mtu Dodoma.

Mtumishi: Msidharau maombi. Someni Marko 5, yule mwenye pepo wa makaburini alikutwa ameketi ana akili timamu.

Njoro kwetu: Mtumishi hakuna aliyedharau, hata mimi niliomba njia nzima. Wakolosai 4:14 Luka anaitwa tabibu mpendwa. Kinachouma ni mgonjwa kuambiwa atupe vidonge ndo aonekane ana imani.

Chalii wa Sakina: 2011 si mlipandiana magari kwenda Samunge kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha jero, leo wote mmekuwa madaktari.

Rombo Mkuu: Usihamishe mada wewe, watu wanaongelea ndugu zao.

Chalii wa Sakina: Sihamishi, nina uchungu. Na hivyo vidonge navyo vilimfanya kaka yangu shingo ikapinda, macho yanaangalia juu, mate yanatoka. Tukaviacha.

Nesi Ngaramtoni: Kaka pole. Hiyo inaonekana ni haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, hufanya hivyo kwa baadhi ya watu na ina dawa yake ya kulegeza misuli, au daktari anapunguza dozi au anabadilisha. Mrudisheni. Kukatisha ghafla ndo ugonjwa unarudi kwa nguvu.

Kijenge Juu: Sisi mzee alisomewa ruqya, shehe alipomaliza akasema kisomo nitaendelea nacho ila huyu mpelekeni hospitali ya Mount Meru leo hii. Ramadhani ilipofika daktari akampangia dawa saa ya futari na ya daku, akafunga mwezi mzima. Tafuteni kiongozi wa dini wa namna hiyo.

Mtumishi: Hapo kwa shehe nakubali. Ila kwa mganga msiende.

Rombo Mkuu: Bora mganga kuliko mchungaji anayefunga mtu kamba!

Nesi Ngaramtoni: Kamba hapana, popote pale.

Usa River mama: Njoro kwetu, mdogo wako alizaa tena?

Njoro kwetu: Alizaa. Aliyewahi kuugua hivyo hatari ya kurudiwa ni kubwa, kwa hiyo tulimwambia daktari mimba ikiwa bado changa akapanga dawa mapema. Mama mchungaji alikuwa anakuja kumuombea mchana, usiku mtoto tunashika sisi, yeye analala. Haikurudi.

Usa River mama: Nakuja inbox dada, wifi yangu ana wiki 36 na uzao wa kwanza ilimpata hivyohivyo.