Naomba ushauri: Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, watu 18, hapa Dodoma

Mwenyeji Area C
Wakuu, habari za jioni. Usharikani kwetu kuna familia ya wamisionari kutoka Marekani, na wanataka kufanya Sikukuu yao ya Shukrani hapa hapa, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wageni 18, wengi wenyeji. Nimepewa jukumu la jiko. Wameomba bata mzinga, mkate wa kuokwa na viungo, rojo nyekundu ya tunda la kwao ambalo huku halipatikani, na pai ya boga. Vifaa ni oveni ya mezani ya lita 35, friji na majiko mawili ya mkaa. Nianzie wapi, na nini huharibika? Pia kwenye mwaliko niandike nini? Nikiandika "Siku ya Shukrani" watu watakuja na bahasha za sadaka.

Mpishi Nkuhungu
Anza na ndege, ndugu yangu. Wa Marekani hufugwa kwa kunenepeshwa na kuchinjwa akiwa na miezi michache tu. Wa kwetu ametembea, mafuta hana, nyama imekaza. Kwa hiyo umri ndio utakaoamua kama chakula kitalika. Usimtegemee muuzaji peke yake: bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ikipinda kama gegedu, bado kijana. Ikiwa ngumu kama mti, mwache. Kwa dume tazama pia kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu. Ukiwa mrefu na wenye ncha, huyo ni mzee.

Chukua jike la kilo 5 akiwa hai. Akisafishwa atabaki kama kilo 3.5 hadi 4. Piga hesabu ya nusu kilo ya nyama yenye mfupa kwa kila mtu, yaani kilo 9, basi ongeza kuku wa kienyeji wanne au watano.

Achinjwe Jumanne, si Alhamisi asubuhi. Nyama ikipikwa misuli ingali imekakamaa, hata uichochee moto vipi itabaki ngumu. Kama kuna Waislamu katika waalikwa, achinjwe na Mwislamu na uwaambie mapema. Jumatano usiku mlaze kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa kila lita, kwa muda wa saa 10 hadi 12, NDANI YA FRIJI. Novemba Dodoma kuna joto, na ndoo iliyoachwa sakafuni hadi asubuhi itawaumiza watu matumbo.

Usimwoke mzima. Kwenye lita 35 ngozi itakaribia nondo za juu na kuungua, na kidari kitakauka kikiyasubiri mapaja. Mtenganishe. Kidari, pamoja na mfupa wake, kifute maji, kipake siagi, kiingie oveni nyuzi 180 kwa saa moja na robo hivi. Miguu na mapaja weka kwenye sufuria yenye kitunguu na maji ya kufika nusu, funika, moto mdogo wa mkaa saa mbili. Tafuta kipimajoto cha nyama: sehemu nene, bila kugusa mfupa, isome nyuzi 74. Acha kidari kipumzike dakika 20 ndipo ukate, la sivyo maji yote yatabaki kwenye ubao. Mezani upange vipande kwenye sinia kwa umbo lake.

Mkate uwe wa siku mbili, ukatwe vipande, uchanganywe na kitunguu kilichokaangwa kwa siagi na supu ya hayo mapaja, uokwe kwenye trei yake.

Mama Zabibu
Tunda lile ni jekundu na lina ukali wa kukunja uso. Choya (rosela) inashika nafasi yake vizuri, na Soko la Majengo ipo kavu. Gramu 50 za choya, maji nusu lita, sukari gramu 200, kipande cha mdalasini. Ioshe mara tatu, ina mchanga. Chemsha dakika 15 hadi 20 bila kufunika. Ikionekana nyepesi usiongeze unga, itakaza yenyewe ikipoa. Ipike Jumatano.

Mwenyeji Area C
Asante sana Mama. Na pai? Boga Novemba naona ni shida.

Mama Zabibu
Ni kweli, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Tumia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, wala hawatalalamika. Kusini mwa Marekani pai ya viazi vitamu ni ya kawaida kabisa. Ukipata boga, usilichemshe. Lipike kwa mvuke, liponde, ulining'inize kwenye kitambaa saa mbili lichuje, maana maji ndiyo yanayofanya pai isigande. Vikombe viwili vya rojo ya boga au viazi, mayai matatu, sukari gramu 150, mdalasini kijiko cha chai, tangawizi nusu kijiko, karafuu ya unga kidogo sana. Maziwa: chemsha lita moja libaki nusu, kisha tumia kikombe kimoja na nusu. Ganda: unga gramu 300, siagi 150, maji ya barafu vijiko vitano au sita. Siagi ikiyeyuka mikononi ganda litakuwa gumu, kwa hiyo likande alfajiri. Oka nyuzi 180 hadi katikati itikisike kidogo tu. Umeme ukikatika, weka sufuria juu ya jiko, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko.

Mzee wa Makole
Kuhusu mwaliko uko sahihi kuwa na wasiwasi. Kwetu shukrani ni ibada na matoleo, na Sikukuu ya Mavuno ina mnada wa mazao. Andika: "Karibuni chakula cha jioni nyumbani, sikukuu ya kifamilia ya Wamarekani. Hakuna mchango." Alhamisi ni siku ya kazi, weka saa 12 jioni.

Saa 2 usiku muwaachie nafasi ya kupiga simu kwao. New York wakati huo wa mwaka iko nyuma yetu saa 8, kwa hiyo kwao ni saa 6 mchana na ndugu wameshakusanyika. Chicago iko nyuma kwa saa 9, Los Angeles kwa saa 11. Kama watoto wanalala mapema, kaeni mezani saa 11 na nusu.