Mdogo wangu anasikia sauti, nyumbani wanataka arusi ipite kwanza ndipo aende hospitali. Nianzie wapi?

Binti Muheza

Assalam alaykum, na habari zenu wakuu wote.

Naomba ushauri hasa kwa waliopitia jambo hili. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alikuwa chuo mwaka wa pili. Tangu mwaka jana amebadilika. Halali usiku, mchana anafunga madirisha. Chakula cha mama hali, anakula ndizi na mayai ya kuchemsha tu, yaani vitu anavyomenya mwenyewe, kwa sababu anasema vingine vimetiwa kitu. Usiku anazungumza na watu tusiowaona na mara nyingine anawajibu kwa hasira. Chuo wamemrudisha nyumbani. Hajampiga mtu.

Mama ana hakika ni jini alilotumiwa na watu waliogombana na marehemu baba kwa ajili ya shamba. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa familia tangu baba afariki, alimpeleka kwa mganga upande wa Handeni. Huko alifungwa kamba, akafukizwa, akachanjwa. Zilitoka mbuzi na pesa ambazo mama alizikopa kwenye kikoba. Aliporudi alikuwa kimya, tukamshukuru Mungu, halafu yakaanza upya. Sasa ana kovu la kamba mkononi na mtu yeyote akimwambia "twende mahali" anajifungia chumbani.

Nilipotaja hospitali mama alilia. Anasema akionekana tu kwenye kliniki ya akili, jina limeshamkaa. Mdogo wetu wa kike ameposwa, arusi ni baada ya Maulidi, na upande wa mume wakisikia nyumba ina mgonjwa wa akili wataivunja posa. Halafu kuna kijana wa jirani aliyerudi hospitali anatembea kama gogo, mate yanamtoka, mama anasema hawezi kuruhusu mwanawe afanywe vile.

Mimi nimeolewa, nakaa Tanga mjini. Mume wangu yuko nami katika hili, ila uamuzi wa kule nyumbani si wangu. Na mgonjwa mwenyewe anasema haumwi. Nianze na nani?

Mpita Barabara

Pole sana dada. Alikuwa anavuta bangi huko chuoni? Uliza marafiki zake, usimuulize yeye.

Binti Muheza

Nimewauliza. Alikuwa anavuta. Hapa nyumbani hatujamwona.

Mzee wa Pongwe

Mwanangu, hospitali hawana dawa ya jini. Huyo mganga hakuwa na elimu. Tafuteni mtu wa kisomo anayejua, asomewe mfululizo. Ukimpeleka kwenye vidonge utamlaza tu, tatizo litabaki pale pale.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee Pongwe, sitabishana nawe juu ya kisomo. Nitasema ninachokiona wodini, kwa kuwa nimefanya kazi na wagonjwa wa akili muda mrefu.

Dada, huyo kijana anahitaji daktari, na asisubiri arusi. Kijana wa kiume wa umri huo kukosa usingizi, kusikia sauti na kudhani anatiliwa sumu ni dalili tunazokutana nazo kila wiki. Inaweza kuwa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, ambao kwa wanaume huanza mara nyingi kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini na kitu. Inaweza kuwa bangi imeuchochea ugonjwa uliokuwa umejificha. Inaweza pia kuwa kitu cha mwili kabisa: kifafa, kaswende, VVU, tezi ya shingo. Ndiyo maana daktari hupima damu kwanza kabla ya kusema neno. Mganga na msomaji hawana namna ya kujua hilo. Na kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Hapo arusi ya dada yake inamgharimu.

Sasa yule kijana wa jirani. Mama hakuota, amekiona kitu cha kweli. Dawa kama haloperidol na ile watu wanayoiita largactil zinaweza kumkakamaza mtu, mikono ikatetemeka, mate yakamtoka, hasa dozi ikiwa kubwa. Lakini mtu haachwi hivyo. Dozi inapunguzwa, au anaongezewa benzhexol, dawa ya kuondoa ukakamavu huo, au anabadilishiwa dawa. Olanzapine, kwa mfano, haikakamazi sana, ingawa inaongeza usingizi na uzito. Bila shaka yule kijana alipewa dawa, akarudi kijijini, na hakuna aliyerudi kliniki kusema "imemzidi". Mwambie mama maneno haya haya. Usimwambie anaogopa bure.

Mama Neema wa Korogwe

Mimi nazungumza kama mama, mwanangu wa kwanza ni mgonjwa.

Mama yako anailinda arusi. Mwulize swali moja kwa upole: siku ya arusi huyo kijana atakaa wapi? Nyumba itajaa wageni, ngoma, mapishi uani, watu wasiojulikana wakiingia na kutoka, na yeye ndiye anayeogopa sumu na hajalala. Upande wa mume ndiyo watamwona siku hiyo, tena katika hali mbaya kuliko zote. Akianza dawa leo, hadi Maulidi anaweza kuwa amekaa na wanaume wenzake anakula pilau. Mimi sikusikia maneno ya ugonjwa wala ubongo, nilisikia maneno ya namna hii kutoka kwa wifi yangu, na ndiyo yaliyonitoa nyumbani.

Wanawake tunasemwa kwamba tunaficha wagonjwa. Tunaficha kwa sababu mtoto akiharibika akili wa kwanza kuulizwa ni mama, kwao kuna nini.

Abuu Twalha

Wa alaykum salaam dada. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na kisomo nafanya.

Mzee wangu Pongwe, kwa heshima zote: Mtume (S.A.W.) amesema jitibuni enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kwani hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Hakusema chagueni moja muache nyingine. Anayeletwa kwangu halali wiki nzima namsomea, na namwambia baba yake asubuhi ampeleke hospitali. Kumfunga mgonjwa kamba hakuna asili katika dini, ni dhuluma.

Dada, usimwendee baba mkubwa wewe. Atakuona mtoto wa kike aliyeolewa anayeingilia mambo ya ukoo, na ukishamfanya akatae mbele ya watu hatarudi nyuma. Nenda kwa imamu wa msikiti anaosali, mweleze, imamu ndiye amwambie. Wala imamu asimtake baba mkubwa akiri kwamba si jini. Akubali tu kwamba mwili na usingizi wa kijana vinahitaji daktari, na kisomo kitaendelea pale pale.

Kijana wa Kihonda

Nimesoma uzi wote. Mimi ndiye huyo mdogo wako, ila nimetangulia. Nina ugonjwa huu na natumia dawa, nafanya kazi ya ufundi wa simu.

Dada yangu, wengi hapa wanazungumza jinsi ya kumpeleka. Nataka useme naye. Mimi nilikuwa naamini kabisa majirani wanaongea ndani ya ukuta. Mtu akiniambia "unaumwa akili" namuweka upande wa wale wa ukutani. Hakuna aliyeweza kunishinda kwa hoja, na waliojaribu niliacha kusema nao. Kitu kimoja tu nilichokuwa nakubali ni kwamba sijalala, kichwa kinachemka, nimechoka. Mjomba wangu hakugusa habari za sauti. Aliniambia: "Naona hulali. Kuna daktari anatibu usingizi, ni wa wodi ya akili, nitakaa na wewe mlango wazi, ukitaka kuondoka tunaondoka." Angenidanganya kwamba tunaenda sokoni kisha nikajikuta pale, nisingemeza kidonge hata kimoja. Mdogo wako ameshadanganywa akafungwa kamba. Msimdanganye mara ya pili.

Jambo jingine watu wanaona aibu kulisema. Niliwahi kuziacha dawa kwa sababu nguvu za kiume zilipotea. Sikumwambia daktari wala nesi, niliacha tu, nikaanguka vibaya. Niliporudi na kusema, dawa ilibadilishwa. Awepo mwanaume mmoja, shemeji au rafiki, ambaye anaweza kumuuliza hilo wakiwa wawili.

Mwanafunzi wa Tiba

Naongeza kidogo kwa ajili ya mzee Pongwe na wengine. Kuna utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watu wanaokwenda vituo vya afya na wanaokwenda kwa waganga wa jadi. Kwenye vituo vya afya karibu robo walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Kwa waganga ilikuwa karibu nusu. Kwa maoni yangu ndiko wagonjwa wetu waliko, kwa hiyo kuwatukana waganga hakusaidii. Mganga yuko karibu, anapokea mbuzi na mkopo, anaongea na ukoo mzima na anawapa sababu. Hospitali mara nyingi inawapa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Ukimpata daktari wa kuwakalisha chini na kuwaeleza, mshike huyo huyo.

Mwana wa Kisauni

Pole dadangu. Huku Mombasa ni vivyo hivyo, watu hupita kwa waganga wote kwanza ndipo wafike hospitali ya Port Reitz, tena usiku ili wasionekane. Kakangu tulimpeleka kwa gari la jirani saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya macho ya watu. Kama kumtoa mapema kutamtuliza mama, mtoeni mapema. Mradi afike.

Binti Muheza

Allah awalipe kheri nyote. Nimeyasoma haya nikamsomea na mume wangu, nimelia kwa maneno ya Kijana wa Kihonda.

Nesi, naomba kujua mambo mawili. Aende wapi kati ya Bombo na Lutindi? Na pesa je, bima hatuna na mama bado analipa deni la kikoba.

Nesi wa Zamu

Anzeni Bombo, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, iko karibu nawe na vipimo vya damu vinafanyika hapo hapo. Pia ni hospitali ya magonjwa yote. Mtu akikuona getini hajui umekwenda kwa nini, na hilo mama atalipenda. Lutindi ni pazuri pia, iko kule milimani Korogwe, ya kanisa la Kilutheri, imepokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na wagonjwa hufanya kazi za mikono na shamba. Wengi wanaokaa pale ni wanaohitaji muda mrefu. Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, ni ya mbali, daktari akiona inafaa atawaandikia rufaa.

Kuhusu pesa: magonjwa ya akili yamo kwenye sera ya msamaha wa gharama katika hospitali za serikali. Hakuna atakayekuambia dirishani. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Shida inayobaki ni kwamba dawa nyingine zinakuwa hazipo stoo na mtaambiwa mkanunue nje, hivyo wekeni akiba kidogo. Nauli ya kurudi kliniki ihesabiwe tangu sasa, wagonjwa wengi tunawapoteza kwa sababu ya nauli.

Akikataa kabisa, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yenye utaratibu wa kumlaza mtu asiyekubali. Iacheni iwe ya mwisho. Lakini akiacha kunywa maji, akisema anataka kufa, au sauti zikimwamrisha kumdhuru mtu, msingoje imamu wala baba mkubwa. Siku hiyo hiyo.

Mzee wa Pongwe

Nimemsikia mwalimu Abuu Twalha. Kama kisomo hakiachwi, sina neno. Na hiyo kamba siiungi mkono.

Binti Muheza

Wakuu, narudi na habari. Imamu alizungumza na baba mkubwa baada ya Isha. Baba mkubwa alikaa kimya, kisha akasema "kama ni usingizi, aende". Mama nilimuuliza lile swali la Mama Neema, siku ya arusi atakaa wapi. Hakunijibu usiku ule, asubuhi akanipa kanga na nguo za kijana zimeshakunjwa.

Na yeye nilimwambia ukweli, wodi gani na daktari gani. Aliuliza kama kuna kamba. Nikamwambia nitakaa mlangoni. Tumeenda na mume wangu. Wamempima, wamempa vidonge vya kumeza usiku, tarehe ya kurudi ni wiki mbili. Amelala mpaka jua limepanda. Mama anaingia kila saa kuangalia kama anapumua. Tumwamshe au tumwache? Na madhara yakianza tutayajuaje?

Nesi wa Zamu

Alhamdulillah. Mwacheni alale, siku za mwanzo ni kawaida, ila mwamsheni anywe maji na ale. Hizo ndizi na mayai endeleeni kumpa, msimlazimishe mchuzi. Kidonge apewe na mtu mmoja yule yule anayemwamini, kila siku saa ile ile. Sauti hazitaondoka kesho, huchukua wiki kadhaa, na mtu akishapata nafuu ndipo familia huacha dawa. Msiache bila daktari.

Shingo ikipinda, macho yakigeukia juu au ulimi ukikaza, mrudisheni hospitali muda huo huo, kuna sindano na anatulia haraka. Akipata homa kali na mwili kukakamaa, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hata kama ni usiku wa manane. Andika majina ya dawa na dozi zake kwenye daftari, ubebe kila mnapokwenda, na namba ya bodaboda mnayemwamini iwe kwenye simu ya mama.