Kumamoto, Japani: stesheni, ngome na Suizenji kwa tramu na basi. Kadi ipi inakubali wapi?

Mbuyuni77

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaoijua Kumamoto, ule mji wa kisiwa cha Kyushu. Tunaingia kwa Shinkansen, ile treni ya kasi, kutoka Hakata (stesheni kuu ya Fukuoka), tunalala siku chache, halafu tunaondoka kwa ndege. Gari la kukodi hatutaki.

Kinachonichanganya ni malipo. Kuna wanaosema ukiwa na Suica, ile kadi ya usafiri unayoiwekea pesa kabla na kuigusisha, umemaliza, unazunguka Japani nzima. Wengine wanasema Kumamoto kadi hiyo imekataliwa. Ukweli ni upi? Pili, hoteli tuchukue karibu na stesheni au sehemu nyingine? Tatu, tunakwenda na mama, magoti yanamsumbua na ngazi ndefu hazimfai. Tunataka kufika kwenye ngome na bustani ya Suizenji.

Reli_na_Njia

Karibu mkuu, na mama mpe shikamoo.

Nianze na hoteli, maana hiyo ndiyo inayoamua mengine yote. Stesheni ya Kumamoto haiko katikati ya mji. Iko upande wa kusini-magharibi, na mji wenyewe, yaani maduka, migahawa, ngome na kituo kikuu cha mabasi, uko kilomita mbili na zaidi kutoka hapo. Mgeni akiona "karibu na stesheni" kwenye tangazo la hoteli anadhani amepata pazuri, kumbe kila asubuhi na kila jioni atakuwa anapanda tramu kwenda na kurudi. Tafuta hoteli kati ya vituo vya tramu vya Karashimacho na Torichosuji. Ukiwa hapo ngome iko jirani, na mitaa ya maduka yenye paa (Sunroad Shinshigai, Shimotori na Kamitori) imeungana kiasi kwamba hata mvua ikinyesha mnatembea bila kulowa. Ni tambarare, magari hayapiti muda wa maduka, na kwa mtu wa magoti hapo ndipo mahali pake.

Tramu sasa. Njia ni mbili tu. A inatoka Tasakibashi, inapita mbele ya stesheni, inakwenda mpaka Kengunmachi. B inatoka Kami-Kumamoto na kuishia Kengunmachi hiyo hiyo. Zinakutana Karashimacho, na kuanzia hapo kuelekea mashariki zinatumia reli moja. Vituo vina namba, zishike kuliko majina: stesheni ni 3, Karashimacho 8, Hanabatacho 9, Ngome na Manispaa 10, Torichosuji 11, Suizenji-koen 18.

Kwenda ni rahisi: toka stesheni kwa mlango wa Shirakawa (siyo ule wa Shinkansen, huo uko upande wa pili), kituo cha tramu kiko mbele yako, na kila tramu inayoelekea Kengunmachi itakufaa. Watu hukosea wakati wa kurudi. Ukisimama Torichosuji unaona tramu inakuja, unaingia, kumbe ni B na inakwenda Kami-Kumamoto. Kabla ya kupanda hakikisha paji la tramu limeandikwa A na Tasakibashi. Ukigundua mapema kwamba umeingia B, shuka Karashimacho na uombe kwa dereva tiketi ya kuunganisha. Sema tu "norikae". Ukilipa taslimu, bila karatasi hiyo utalipa nauli mara mbili. Ukichelewa kugundua, usihangaike: kaa mpaka mwisho Kami-Kumamoto, pale kuna stesheni ya JR (kampuni kuu ya reli ya Japani), na Kumamoto ni kituo kimoja tu kuelekea kusini.

Nauli ya tramu ni moja popote ushukapo: yeni 200 mtu mzima tangu Juni 2025, mtoto nusu. Unapanda mlango wa kati au wa nyuma, unalipa ukishuka mlango wa mbele kwa dereva. Kisanduku cha nauli hakirudishi chenji. Pembeni yake kuna mashine inayovunja noti ya 1,000 na sarafu kubwa. Unavunja kwanza, kisha unahesabu, kisha unatumbukiza kiasi kamili. Vunja tramu ikiwa imesimama kwenye taa au kituoni, usisubiri mpaka watu kumi wamesimama nyuma yako. Noti za 5,000 na 10,000 hazivunjwi humo. Nunua maji dukani asubuhi, upate noti ndogo.

Tiketi_Mkononi

Naongezea kwenye suala la noti. Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya, na mashine za zamani kwenye baadhi ya vyombo vya usafiri haziitambui noti mpya ya 1,000. Ikitemwa mara mbili usiilazimishe, weka sarafu. Hata sarafu ya 500 ya muundo wa 2021 hutemwa na mashine kuukuu. Kwa hiyo sarafu za 100 zipendeni: tenga kama kumi kwenye kipochi cha kila mtu, hiyo ni safari tano za tramu. (Sura iliyo kwenye hiyo noti mpya ya 1,000 ni ya Kitasato Shibasaburo, mtaalamu wa bakteria aliyezaliwa Oguni, ndani ya mkoa wa Kumamoto huo huo. Ni mtoto wao!)

Sasa Suica. Wote wawili waliokuambia wana ukweli nusu. Tarehe 16 Novemba 2024 kampuni tano za mabasi na treni ndogo za mkoa huo ziliacha kupokea kadi za kitaifa, yaani Suica, ICOCA, SUGOCA na wenzao. Sababu ni gharama: kubadilisha mashine ili ziendelee kusoma kadi hizo kungegharimu takriban yeni bilioni 1.2, wakati mashine za kugusisha kadi za benki zilikadiriwa karibu nusu ya hapo. Kampuni zenyewe zinaendeshwa kwa hasara na madereva hawatoshi, hivyo wakachagua cha bei nafuu. Kadi ya kwao, ile yenye picha ya dubu Kumamon, ikabaki, na mwaka 2025 kadi za benki za kugusisha zikaingia.

Kwa hiyo mgawanyo ni huu. Treni za JR ndani ya mji: Suica inafanya kazi. Mabasi ya mji, basi la uwanja wa ndege na treni ndogo ya Kumamoto Dentetsu: Suica haifanyi kazi, tumia kadi ya benki yenye alama ya mawimbi au taslimu. Tramu: angalia alama zilizobandikwa mlangoni, na uwe na sarafu zako. Shinkansen: usiguse Suica kwenye geti lake, nunua tiketi.

Kadi ya benki ina mitego miwili. Kwanza, kadi moja, abiria mmoja. Usidhani utagusa mara mbili, yako na ya mama. Mama awe na kadi yake au alipe sarafu. Pili, kwenye basi unagusa ukipanda na unagusa ukishuka, kwa sababu nauli inahesabiwa kwa umbali. Ukipanda kwa simu iliyowekwa kadi hiyo, ushuke kwa simu hiyo hiyo. Ukitoa kadi yenyewe mfukoni wakati wa kushuka, mashine inaiona kama kadi nyingine ambayo haikupanda, hata kama akaunti ni moja.

Mbuyuni77

Aisee, hapo kwenye simu na kadi sikuwa na habari. Na anayelipa taslimu kwenye basi, mashine itajuaje amepanda wapi?

Tiketi_Mkononi

Ukipanda mlangoni kuna kimashine kinatoa kitiketi chenye namba, kinaitwa seiriken. Chukua, usipitilize. Mbele juu ya dereva kuna ubao wenye namba zote, na chini ya kila namba nauli inapanda kadiri basi linavyokwenda. Tiketi yako ikisema 4, angalia 4 tu. Kituo chako kikitajwa bonyeza kengele, subiri basi lisimame kabisa ndipo uinuke, kisha tumbukiza kitiketi pamoja na sarafu kamili. Asiye na kitiketi anaweza kudaiwa nauli ya kuanzia mwanzo wa njia, na kubishana na dereva kwa lugha usiyoijua hakuna faida.

Mabasi mengi yanaanzia kituo cha Sakuramachi, jengo kubwa lililofunguliwa 2019, hatua chache kutoka tramu ya Karashimacho. Liko ndani, lina viti na vyoo, na mabango yanaonyesha namba ya mlango wa kusubiria. Kwa mgeni ni bora kupandia hapo kuliko Torichosuji, ambako vibao vya mabasi vimejipanga barabara nzima pande zote mbili, na ukisimama kwenye kibao kisicho chako basi lako linakupita unaliona.

PolePole_Kyushu

Mimi nimjibu kuhusu mama.

Tramu za Kumamoto ni za aina mbili. Mwaka 1997 mji huu ulikuwa wa kwanza Japani kuingiza tramu za sakafu ya chini, unaingia karibu usawa wa jukwaa. Lakini bado yapo magari ya zamani yenye ngazi ndani ya mlango, na yanapokezana kwenye njia zile zile. Likija la ngazi, acheni lipite, subirini linalofuata. Epukeni pia asubuhi ya saa moja unusu hadi saa tatu, wanafunzi na wafanyakazi hujaa na majukwaa yenyewe ni membamba, yako katikati ya barabara. Vukeni kwenye kivuko cha taa tu.

Kwenda ngomeni, jina la kituo namba 10 linawapoteza wengi. Tetemeko la Aprili 2016 liliangusha kuta na minara, na ukarabati umepangwa kuendelea hadi 2052, kwa hiyo sehemu kubwa ya eneo bado imefungwa. Mnara mkuu ulifunguliwa tena 2021. Kwa mama, shukeni namba 9, Hanabatacho, mtembee dakika chache hadi Sakuranobaba Josaien, eneo la maduka na migahawa chini ya ngome, kisha mwingie kwa lango la kusini. Kutoka hapo kuna daraja refu la watembea kwa miguu lililoinuliwa juu ya magofu, kama mita 350, lina lifti, na linampitisha juu ya kuta zilizobomoka ambazo zamani zingemlazimu kupanda ngazi za mawe. Ndani ya mnara nako kuna lifti kwa wanaohitaji, muulizeni mhudumu mlangoni. Kiingilio ni yeni 800 mtu mzima. Mwisho wa kuingia saa kumi na nusu jioni, mlango unafungwa saa kumi na moja.

Suizenji msiende kwa tramu kutoka stesheni, ni nusu saa na zaidi ya kusimama na kuyumba. Pandeni JR njia ya Hohi hadi Shin-Suizenji, dakika kama kumi, Suica inakubali. Hapo mnahamia tramu kituo namba 16, vituo viwili mpaka 18, au mnatembea polepole. Ila kama hoteli iko mjini, tramu ya moja kwa moja ndiyo nyepesi.

Na teksi isidharauliwe. Watu watatu kutoka hoteli ya mjini hadi lango la kusini la ngome, tofauti na tramu si kubwa. Mlango wa nyuma wa kushoto unafunguliwa na kufungwa na dereva, msiuvute. Mwonyesheni jina la mahali kwa maandishi ya Kijapani kwenye simu. Bakshishi hawachukui.

Reli_na_Njia

Nimalizie uwanja wa ndege, maana uko mbali, upande wa mashariki, kuelekea mlima wa volkano wa Aso.

Njia ya kwanza ni basi la uwanja wa ndege. Linaanzia stesheni, linapita Sakuramachi na Torichosuji, na kutoka stesheni ni kama saa moja barabara ikiwa wazi. Mkiwa mmelala mjini pandieni Sakuramachi, msirudi stesheni bure. Suica haipokelewi humo. Foleni za jioni upande wa mashariki ni mbaya, ongezeni nusu saa kwenye hesabu yenu.

Njia ya pili hutegemea reli: JR njia ya Hohi hadi Higo-Ozu, halafu gari dogo la bure liitwalo Airport Liner, dakika kama 15. Foleni za magari haziwagusi mkiwa kwenye treni, na Suica inafanya kazi mpaka Higo-Ozu. Ubaya wake ni kwamba gari ni dogo na halikatiwi nafasi. Likijaa mnasubiri lingine au mnachukua teksi. Kwa watu watatu wenye masanduku makubwa ningechagua basi. Mkitaka kwenda Aso kwa njia hiyo hiyo, kumbukeni baada ya Higo-Ozu kadi hazifanyi kazi, nunueni tiketi ya karatasi kabla ya kupanda.

Mbuyuni77

Siku ya mwisho tunatoka hotelini saa nne asubuhi na ndege ni ya usiku. Mizigo tuiache wapi?

PolePole_Kyushu

Kwanza iulizeni hoteli, nyingi zinatunza bure mpaka jioni. Ikishindikana, makabati ya kulipia yapo stesheni na Sakuramachi. Kwa kuwa basi la uwanja wa ndege mtapandia Sakuramachi, wekeni hapo. Makabati makubwa ni machache na huwahiwa, fikeni mapema. Mengine yanataka sarafu za 100 tu. Mkipata kabati, pigeni picha namba yake na korido ilipo. Yanayotumia namba ya siri hutoa risiti, na bila risiti hiyo kabati halifunguki mpaka aje mhusika.